Naomba ushauri: injini ya cc 1000 tuiuze au tubaki nayo?

Wenzangu, ndugu yangu mdogo, mzaliwa wa Nakuru anayeishi Uingereza, hushindana kwa ridhaa katika mbio za pikipiki zenye kigari cha pembeni, nasi nyumbani humsaidia kupitia chama cha familia. Klabu yake imebadilisha kanuni za kiufundi, hivyo injini yake ya cc 1000, ambayo tuliichangia kwa taabu, haitaruhusiwa msimu ujao. Anatakiwa kutumia ya cc 600, ambayo imezoeleka kwa miaka mingi katika mbio za pikipiki za Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Injini yenyewe hainitishi sana (mimi ni fundi), bali vishikizo vya injini kwenye fremu, uwiano wa gia, ekzosi na nyaya, ambavyo vyote vitahitaji kurekebishwa. Je, tuiuze ile kubwa kabla bei haijaanguka, au atafute klabu nyingine inayoikubali?