Kwaresima ya saba naahirisha kitubio

Mnunuzi wa viazi, Njombe
Kamwene ndugu. Ni Mkatoliki tangu utoto, mke wangu yuko WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Nanunua viazi vijijini na kupeleka Dar. Amri ya Kanisa inataka kuungama walau mara moja kwa mwaka. Mimi Kwaresima hii ni ya saba sijaungama, na komunyo siendi.

Si aibu. Padre wetu mpole, na siri ya kitubio naijua. Juzi nilifika hadi kwenye foleni, nyuma ya bibi mmoja mwenye rozari ya mbao. Bibi alipoingia, nikajifanya simu inaita, nikatoka nje. Haikuita.

Ninachoogopa ni kusamehewa kweli. Nikisamehewa, lumbesa nitaipakiaje tena? Kuna mjane nanunua kwake kila msimu. Nalipa gunia moja, lakini juu yake najaza mlima mwingine na kuufunga kwa kamba. Mwanawe ndiye hunishikia gunia. Nikianza kufunga ule mlima, anageuza uso, anaangalia mbuzi. Nami nina watoto watatu wanasoma. Neema naiona kama mgeni anayekaribishwa sebuleni, kesho yuko stoo anahesabu magunia.

Katekista wa kigango, Iringa
Kaka, rudi kwenye Luka 19. Yesu alimwambia Zakayo "shuka upesi", akaenda kushinda kwake. Habari ya kurudisha mara nne ilikuja baada ya hapo. Wewe unataka stoo iwe safi ndipo ufungue mlango! Katekisimu namba 2001 inafundisha kwamba hata kujiandaa kupokea neema ni kazi ya neema. Kwa hiyo ile foleni hukujipeleka peke yako.

Ila sikufichi: mali ya watu inarudishwa, soma namba 2412. Mweleze padre hali yako yote, mpange namna ya kurudisha. Wengi hukimbia kwa kudhani watadaiwa zote siku hiyo hiyo.

Dereva wa fuso
Ukiacha lumbesa, mwenzako anabeba mzigo. Nasema ya sokoni tu, ya kanisani siyajui.

Mama wa Uyole, Mbeya
Mwanangu, mimi ndiye huyo mjane, wa huku kwetu. Viazi vyangu vimeondoka na lumbesa miaka mingi, na huyo kijana anayeangalia mbuzi namjua, wangu alikuwa anaangalia mgomba. Kila Misa nasema "Bwana, sistahili uingie kwangu", kisha naenda kukomunika hivyo hivyo nilivyoungama, nikiwa mkorofi wa kawaida. Nenda. Na kwa huyo mama usiende na maneno mengi, nenda na mizani.

Mnunuzi wa viazi, Njombe
Shikamoo mama. Mizani ninayo, ile ya kuning'iniza. Iko chini ya kiti cha gari tangu mwaka jana, hata nailoni sijaitoa. Ijumaa padre anaungamisha kabla ya Njia ya Msalaba. Simu nitamwachia mke wangu.