Je, 4294967297 ni nambari tasa?

Binti wa Likoni:
Assalaam aleikum. Mwalimu wetu wa kidato cha tatu ametupa nambari 4294967297, yaani 2^32 + 1, tuchunguze kama ni tasa. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa huleta 59, kwa hiyo haigawiki kwa 3. Nimejaribu pia 7, 11 na 13, zote zikaacha baki. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinapita 65536 kidogo tu, nikiendelea hivi nina maelfu ya nambari tasa za kujaribu. Je, ipo njia fupi?

Mwalimu Mstaafu, Kibokoni:
Waaleikum salaam, binti yangu. Nambari hiyo ina historia kubwa. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537, yaani 2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, 2^8 + 1 na 2^16 + 1, ni tasa, akaamini kwamba zote zinazofuata kwa mpango huo ni tasa pia. Yako ndiyo inayofuata, na ndiyo iliyoivunja imani hiyo: mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawika kwa 641.

Njia fupi unayoitaka ni yake pia. Alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha nambari hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki ya 1. Basi achana na 7, 11 na 13, uanze na 193, kisha 257, 449, 577 na 641. Ya tano inaingia bila baki, na jibu ni 6700417.

Msomi wa Kisauni:
Naongezea uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa, ambao kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote. Tazama 641 kwa namna mbili: ni 5 × 2^7 + 1, tena ni 5^4 + 2^4. Kwa namna ya kwanza, 5 × 2^7 ni sawa na −1 tukihesabu kwa baki za 641, yaani tukizihesabu kuwa sawa nambari mbili ambazo tofauti yao inagawika kwa 641. Tukiipandisha kwa kipeo cha 4, tunapata kwamba 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Kwa namna ya pili, 5^4 ni sawa na −2^4. Weka hiyo mahali pa 5^4, na −2^32 inakuwa sawa na 1, kumaanisha kwamba 2^32 + 1 haiachi baki yoyote.

Binti wa Likoni:
Shukran sana, Mwalimu, nawe kaka. Je, 6700417 nayo inagawika zaidi?

Mwalimu Mstaafu, Kibokoni:
Haigawiki, binti yangu. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na kigawo chake chochote ni kigawo cha nambari yako pia. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas baadaye aliikaza kanuni ya Euler kutoka 64 hadi 128, yaani kigawo tasa kikigawanywa kwa 128 lazima kiache baki ya 1, kwa hiyo zinazobaki kujaribiwa ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu. Zigawanye mwenyewe kwa kalamu; ukianza na 257 utapata baki ya 170.