Naombeni ushauri: grupu la wafugaji limejaa, niwahamishie wapi watu?

BiMtetea
Wakuu habari za jioni. Nimekwama, naombeni mawazo. Nina grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, tupo kama 1,300 na bado kuna foleni ya wanaotaka kuingia. Kila mgeni anauliza yale yale: chanjo ya magonjwa kama mdondo lini, gumboro lini, vifaranga vimezubaa nifanyeje. Majibu yalishatolewa, ila yamezama huko juu hayaonekani. Nataka kuwahamisha. Nachagua kati ya Telegram, grupu la Facebook na hizi chaneli za WhatsApp. Ipi inafaa? Mniambie inavyofanya kazi, msiniambie "kila moja ina faida zake". Nina haraka kidogo.

Kasuku wa Tandika
Fungua chaneli, andika "soma posti ya juu", zima simu, lala. Wafugaji wanapenda kuuliza kuliko kuku wanavyopenda pumba.

Fundi Redio
Kasuku anatania, lakini tuanze hapo hapo. Chaneli ya WhatsApp siyo grupu. Unaongea wewe na maadmini wenzako tu. Wafuasi wanabonyeza emoji na kupiga kura, basi. Mfuasi haoni namba ya mwenzake wala yako, na wewe huzioni zao isipokuwa za watu uliowahifadhi kwenye simu. Kwa tangazo ni nzuri sana. Kwa mtu mwenye kifaranga kinachokufa saa mbili usiku na anataka jibu, haina msaada. Tena zilipoanza 2023 posti zilikuwa zinatunzwa siku 30, kwa hiyo usizigeuze kabati la kumbukumbu.

Facebook ndiyo yenye mpangilio mzuri wa swali na jibu. Swali ni posti, majibu yanakaa chini yake, na mwaka ujao mtu akitafuta "gumboro" ndani ya grupu anakuta yote pamoja. Unaweza pia kuweka maswali hadi matatu ya kuingilia: unafuga wapi, kuku wangapi, umesoma kanuni? Matapeli wa vifaranga wengi hawajibu, wanakwama mlangoni. Shida yake ni kwamba mtambo wa Facebook ndio unaoamua nani aone nini. Ukitangaza leo kuna mdondo mtaani, mmoja ataona leo, mwingine Alhamisi, mwingine haoni kabisa.

Telegram iko katikati. Grupu moja linabeba hadi watu 200,000. Ukiruhusu historia ionekane, mgeni anasoma tangu siku ya kwanza, na hicho ndicho kilio chako. Unaweza kuligawa grupu kwa mada: chanjo, chakula, mabanda, soko. Mtu akiweka tangazo la trei za mayai kwenye mada ya chanjo, unalifuta tu. Kasoro yake: mazungumzo ya magrupu hayafungwi kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho (yaani wasomaji wawe waliomo tu) kama ya WhatsApp, yanakaa kwenye seva za Telegram. Kwa habari za kuku si tatizo. Kwa namba za malipo, msiziandike humo.

Babu Kizimba
Vijana mnahama hama kama nzige. Maafisa mifugo wapo. Mtu apeleke kuku wake waonekane. Hakuna mtandao unaopima kinyesi cha kuku.

Njiwa wa Eastlands
Babu ana point, lakini swali lilikuwa lingine. Dada, kabla hujaenda Telegram, angalia bando za watu wako. Wengi hununua bando ya WhatsApp pekee, na Telegram inawala data ya kawaida. Watajiunga siku ya kwanza halafu wanyamaze. Na huku Kenya Novemba 2024 Telegram ilizimwa wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kama mwaka uliotangulia. Grupu lenu likiwa na Wakenya, hao wanaweza kupotea msimu wa mtihani. Facebook nayo Uganda ilifungwa Januari 2021. Kwa hivyo uliza kwanza watu wako wako nchi gani.

dada_K
Discord hamjaitaja. Haihitaji kuonyesha namba ya mtu, unaweka vyumba vingi, vya sauti pia, na unampa kila mtu cheo: mgeni, mfugaji, mtaalamu. Mwenye cheo cha mgeni unamfungia kuandika mpaka asome kanuni.

Kasuku wa Tandika
Mama wa miaka 58 wa Mkuranga umwambie afungue Discord akachague cheo. Atachagua jogoo.

Fundi Redio
Discord kwa wafugaji hapana, wengi hawajawahi kuifungua. Ila BiMtetea, kuna jambo halijasemwa. Grupu lilianzishwa na nani? Fungua taarifa za grupu, utaona limeandikwa limeundwa na nani na lini.

BiMtetea
Mimi ni admini. Naomba turudi kwenye swali, Telegram au Facebook?

Fundi Redio
Sikuuliza kama wewe ni admini. Nimeuliza aliyeliunda.

Njiwa wa Eastlands
Ameruka swali kama panzi.

BiMtetea
Sawa. Aliliunda mwenzangu tuliyeanza naye. Sasa hivi yuko Muscat, hajaandika kitu tangu Machi. Kazi yote naifanya mimi: kujibu, kufukuza matapeli, kupanga wataalamu. Kwa hiyo kwa vitendo ni langu. Sioni tatizo liko wapi.

Fundi Redio
Tatizo liko hapa. WhatsApp haikuruhusu kumwondoa muundaji wa grupu wala kumvua uadmini. Yeye anaweza kukuvua wewe leo usiku akiwa huko huko Muscat. Akitoka mwenyewe, maadmini waliobaki wanaendelea. Akaunti yake isipotumika siku 120, WhatsApp huifuta na yeye anatoka kwenye grupu. Lakini kutokuandika siyo kutokutumia. Mtu akifungua WhatsApp na kusoma bila kujibu, hizo siku 120 hazianzi kuhesabiwa.

dada_K
Kila mtandao una funguo zake. Reddit wasimamizi wamepangwa kwa foleni: wa juu anaweza kumwondoa wa chini, wa chini hawezi kumgusa wa juu. Discord kila seva (ndivyo wanavyoliita grupu) ina mwenyewe mmoja, na anaweza kumkabidhi mwingine. Telegram vivyo hivyo. Ndiyo maana Fundi anauliza muundaji. Mengine yote ni rangi za ukuta.

BiMtetea
Ndiyo maana nataka kuhama! Nyie mnanithibitishia. Halafu kuna njia nyingine nimefikiria, kwa sababu laini yake ya Tanzania aliniachia mimi nimtunzie. Nikiiweka kwenye simu nikasajili WhatsApp, si nitaingia kama yeye, najikabidhi kazi yote kisha natoka?

Babu Kizimba
Sasa nimeamka. Mtu amekuachia amana, wewe unataka kuingia nayo chumbani kwake.

Fundi Redio
Usifanye. Mosi, ukisajili namba yake kwenye simu yako, simu yake inatolewa hapo hapo, na atajua kabla hujamaliza. Pili, akiwa ameweka PIN ya tarakimu sita hutapita, na kelele zitakuwa zimeshapigwa. Tatu, kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, siyo vyako. Mpigie. Mwambie aongeze admini mwingine mnayemwamini wote wawili. Kama hataki, basi hama kwa heshima.

BiMtetea
Hapokei. Na grupu la Telegram nilishalifungua wiki iliyopita, naona nisiwafiche. Nimechukua namba kwenye orodha ya wanachama nikaingiza watu 160, halafu ikaanza kukataa. Ndiyo maana nilisema nina haraka. Sijaiba kitu, namba zilikuwa wazi kwa kila mtu.

Njiwa wa Eastlands
Kuonekana kwa namba si ruhusa. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwenu mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu alikupa namba ili aongee kuku kwenye grupu lile. Hakukubali kuvutwa kwingine.

Fundi Redio
Na ndiyo maana Telegram ilikukatalia. Ukiingiza watu wengi ambao hawana namba yako, wachache wakibonyeza "ripoti", namba yako inawekewa kizuizi: huwezi kuongeza watu wala kuwaandikia usiojuana nao. Andikia @SpamBot ndani ya Telegram, itakuambia kizuizi kipo au hakipo na kinaisha lini. Usifungue namba ya pili kukimbia kizuizi, unaweza kufungiwa zote mbili. Chaneli ya Telegram nayo inakuruhusu kuongeza kwa mkono watu 200 wa kwanza tu, baada ya hapo ni linki.

Msomaji Kimya
Ngojeni kidogo. Grupu la WhatsApp mwisho ni watu 1,024. Yeye amesema wapo 1,300. Admini wa kila siku asijue grupu lake linaishia ngapi? Halafu akaunti imefunguliwa juzi, kuna "mwenzangu wa Muscat", kuna laini ya amana, na mwisho limeibuka grupu la Telegram ambalo bahati nzuri lina watu 160 tayari. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Kesho tutawekewa linki na namba ya kununulia vifaranga.

Kasuku wa Tandika
Chai ya maziwa. Nani ana maandazi?

Babu Kizimba
Nilihisi tangu aliposema ana haraka. Mwenye kuku wa kweli hana haraka ya mtandao, ana haraka ya chakula.

dada_K
Hesabu ya Msomaji ni sahihi. Lilikuwa 256, likaja 512, tangu mwishoni mwa 2022 ni 1,024. BiMtetea jibu.

BiMtetea
Jamani mnanitukana bure. Ni magrupu mawili! Kuna la Pwani na Dar, na kuna la mikoani, yako chini ya jumuiya moja yenye ule ukumbi wa matangazo juu. Sikutaka kuandika maelezo marefu.

Msomaji Kimya
Umeandika marefu kuhusu vifaranga vilivyozubaa.

Fundi Redio
Kama ni jumuiya, ushauri unabadilika, ungesema tangu mwanzo. Jumuiya ya WhatsApp ni paa juu ya magrupu. Ukumbi wa matangazo wanaandika maadmini tu, na humo wanachama wa kawaida hawaonani namba. Aliyeianzisha anaweza kuifunga: ukumbi wa matangazo unakufa, lakini magrupu mawili yanabaki yamesimama peke yake na maadmini wake. Kwa hiyo angalia aliyeunda kila grupu, siyo aliyeunda jumuiya tu. Grupu la mikoani ulilianzisha wewe?

BiMtetea
La mikoani ni mimi. La Pwani na Dar ni yeye.

Fundi Redio
Basi nusu ya funguo unayo. Kama umeamua Telegram, na naona ulishaamua kabla ya kuuliza, fanya hivi. Wale 160 waandikie ujumbe mmoja humo: asiyetaka atoke, hatarudishwa. Usiongeze mtu tena kwa mkono. Kwenye taarifa za linki washa sharti la kuidhinishwa na admini, kisha weka hiyo linki kwenye ukumbi wa matangazo mara moja kwa wiki, siyo kila siku.

Usivute mazungumzo yote ya zamani. Tangu Januari 2021 Telegram inapokea mazungumzo yanayotolewa WhatsApp, lakini WhatsApp inatoa hadi meseji 40,000 bila picha au 10,000 zikiwa na picha. Sehemu kubwa itakuwa "asante mkuu" na "amina". Na grupu likiwa limewashiwa faragha ya juu iliyokuja 2025, halitoi kitu. Chukua majibu bora, yaandike upya, kila moja kwenye mada yake, ubandike juu. Ratiba ya chanjo aikague daktari wa mifugo kabla hujaibandika.

Kwenye grupu weka kipunguza kasi, mtu akiandika asubiri dakika moja, siyo saa nzima, maana mwenye kuku wanaokufa anahitaji kuongeza maelezo. Waambie wafiche namba kwenye mipangilio ya faragha, wachague "hakuna mtu". Washa ulinzi wa hatua mbili leo, kwa sababu Telegram haikuruhusu kumkabidhi mtu grupu mpaka ulinzi huo uwe umekaa siku saba. Usije ukawa wewe ndiye wa Muscat wa kesho.

La WhatsApp usilifunge. Liache kwa dharura na kwa wenye bando ya WhatsApp tu.

Njiwa wa Eastlands
Hapo kwa bando amenisikiza. Asante Fundi.

BiMtetea
Hatua mbili nimewasha sasa hivi. Ila wale 160 sitawaandikia kutoka, watatoka wote. Nitawakaribisha tu.

Fundi Redio
Wataripoti wote. Chagua.

Msomaji Kimya
Mimi bado. Weka skrinshoti ya taarifa za grupu, ile sehemu inayoonyesha limeundwa na nani na wapo wangapi, ndipo niamini.

BiMtetea
Nitaweka kesho asubuhi, sina cha kuficha.

Fundi Redio
Funika namba za watu kwanza.