Pasheni majani kibao, maua ya kuhesabu: nikate wapi?

Mluguru_Shamba: Habari zenu wakuu. Nina pasheni za njano huku Mvomero, zimepanda waya fresh kabisa ila maua ndo ya kuhesabu. Juu zimejisokota zimekuwa kichaka, huwezi jua mche huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Jamaa kaniambia nipige panga tu chini ya waya shamba lote, roho inasita. Wazoefu, nakata wapi naacha wapi?

Mzee wa Waya: Panga weka chini kwanza mkuu. Pasheni inatoa ua kwenye chipukizi jipya, tawi lililokwisha kuzaa linakula mbolea tu na kuziba jua. Inavyotakiwa, mche unaachiwa shina moja mpaka kwenye waya, vichipukizi vya chini vyote unatoa, ukifika juu unakata kichwa unaachia mikono miwili, mmoja kushoto mmoja kulia, hiyo mikono ndo inatoa matawi ya kuning'inia kama pazia na hayo ndo yenye maua. Kwako sasa itafute ile mikono miwili ya kila mche usiiguse, matawi yaliyozeeka kata ubakize pingili mbili tatu. Vile vinyuzi vya kujishikiza navyo toa, ndo vinasokota matawi mpaka jua haliingii. Fanya ukishavuna na udongo uwe na unyevu, kiangazi kikali bila maji hazichipui.

Dada Mche: Naongezea, ukimaliza kila mche chovya mkasi kwenye maji ya Jik maana kuna virusi vinahama na mkasi, tunda linakuwa gumu halina juisi. Na urea punguza, inaleta majani.

Mluguru_Shamba: Shukrani sana. Afu hata hayo maua machache mengi yanadondoka. Miche yote imetoka kwa jirani, vipande vya mti mmoja unaozaa balaa.

Mzee wa Waya: Duh, hapo ndo penyewe sasa! Ya njano ua halishiki kwa poda yake (ule unga wa chavua) wala ya mche huohuo, na vipande vya mti mmoja vyote ni mti uleule, hata uwe na heka nzima. Pasheni ya zambarau ndo haina shida hiyo. Ingiza miche ya mbegu toka sehemu tofauti uichanganye katikati. Pia ua la njano linafunguka kuanzia saa sita mchana, muda huo usipulize dawa utaua yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa mbao, ndo yanayobebesha. Nyuki wa asali anaiba poda tu anaondoka. Mi nimeweka magogo makavu pembeni ya shamba wakae.

Mluguru_Shamba: Shemeji ana pasheni za mbegu Dumila, nikachukue maua kwake nipake kwa mkono?

Dada Mche: Inawezekana, ila yachume yakishafunguka na upake siku hiyohiyo kabla hayajafunga usiku. Boda iwe tayari 😂