Programu mbili zimegoma kufunguka baada ya kuristati kompyuta

kitasa
Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama. Jana saa 8 mchana kompyuta ilileta ujumbe kwamba apdeti zinasubiri niristati, nikaristati, ilipowaka programu ya stoo na ile ya mahesabu zote hazifunguki. Ya stoo inazunguka weee halafu inaandika imeshindwa kuunganishwa na seva, ya mahesabu haisemi kitu inapotea tu. Vingine vyote vipo poa, brauza, Excel, hadi muziki. Ninachoshangaa hii mashine naizima kila jioni na kuiwasha asubuhi na haijawahi kunisumbua, iweje ristati moja iue programu mbili?? Ni Windows 10. Ya mahesabu nimeshaifuta nikainstoli upya, hola.

waya_mwekundu
Piga Windows upya mkuu usijitese, hizo apdeti ndo zao

fundi_kimya
Usipige chochote kwanza, utapoteza data za stoo bure.

Mkuu kuzima na kuristati si kitu kimoja. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inafunga ulivyovifungua wewe, lakini Windows yenyewe pamoja na sevisi zinazokimbia kimya kimya nyuma inavihifadhi kwenye faili la hiberfil.sys, asubuhi inavirudisha vilevile vilivyolala. Ristati ndo inaanza kila kitu kutoka sifuri. Kwahiyo ulichokiharibu wiki tatu nyuma kinaweza kujificha mpaka siku unaristati, lawama anabeba apdeti. Kama huamini fungua Task Manager, nenda Performance kisha CPU, angalia Up time, itakuwa inahesabu tangu jana mchana na sio tangu ulipowasha leo.

Halafu programu mbili kufa siku moja, na moja inalia seva, mi natafuta kitu wanachotegemea wote. Kuinstoli upya hakukusaidia maana umebadilisha programu ila kilichopo chini yake bado kimelala. Mwezi huu uligusa nini?

kitasa
Dah kweli, Up time inasoma masaa 19 wakati nimeiwasha saa moja hii asubuhi. Kugusa sijagusa kitu... labda kuna programu ya kusafisha kompyuta niliweka wiki mbili zilizopita, ikasema kuna vitu kibao havina kazi vinakula mashine, nikakubali vyote.

fundi_kimya
Ushajijibu 😂 Hiyo ya kusafisha iliziwekea Disabled (yaani zisiwake tena) sevisi usizozijua, zikaendelea kukimbia mpaka uliporistati. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, shuka mpaka SQL Server, ndo seva ya kutunza data ambayo programu kama hizo zako hutegemea (sio SQL Server Browser wala Agent), dabo kliki, Startup type weka Automatic, bonyeza Apply ndo Start itakubali kubonyezeka. Ikigoma kuanza ingia Event Viewer, Windows Logs, Application, utuletee maneno ya kosa la mwisho yalivyo.

mama_kibodi
Nyongeza kidogo, ingekuwa ni programu moja tu imekufa mimi ningeanza na karantini ya antivairasi (pale inapofungia mafaili inayoyashuku), yangu iliwahi kumeza faili moja la dll nikahangaika siku mbili nzima. Na siku ukitaka kuzima kikwelikweli shikilia Shift huku unabonyeza Shut down. Hiyo ya kusafisha itoe, kompyuta haifagiliwi hivyo.

kitasa
ZIMERUDI ZOTE MBILI! SQL Server ilikuwa Disabled kama ulivyosema, asante sana mkuu fundi na mama kibodi. Nimepitia orodha yote nikakuta na Print Spooler, sevisi ya kuprinti, nayo imezimwa, bahati sijaprinti tangu jana, kesho ningekuja hapa kulia printa

waya_mwekundu
Mi mwenyewe nimeenda kuangalia Up time yangu, siku 41 🙈