Glikolipidi za utando wa seli na VVU: mbona majaribio yanapingana?

Pipeti:
Habari wakuu. Kwenye mada ya VVU kuingia ndani ya seli kuna jambo linachanganya kila likisomwa. Andiko moja linasema Gb3, glikolipidi (mafuta yenye kichwa cha sukari) iliyo kwenye utando wa seli, inakizuia kirusi, lingine linasema Gb3 hiyo hiyo inausaidia utando wa kirusi kuungana na wa seli. GM3, glikolipidi nyingine, nayo vivyo hivyo. Maabara haitoi nafuu: chukua seli za TZM-bl (seli za maabara zinazotengeneza lusiferasi, kimeng'enya cha kutoa mwanga, zikiambukizwa), zikae na PPMP (dawa ya kuzuia utengenezaji wa glikolipidi) mikromola 10 kwa siku mbili, zipewe kirusi cha R5 (kinachotumia kipokezi CCR5), halafu pima lusiferasi baada ya saa 48. Leo mwanga umepanda, kesho umeshuka. Je, PPMP inaondoa nini hasa? Kirusi kinakutana na glikolipidi katika hatua ipi? Na jaribio lipangwe vipi ili jibu liaminike?

Mkemia:
Mkuu, anza na ramani ya utengenezaji, maana sehemu kubwa ya utata imejificha hapo.

Shina ni seramidi, mafuta ya utando. Ikiwekewa glukosi inakuwa glukosilseramidi, kisha galaktosi inaongezwa na kuwa laktosilseramidi. Hapo ndipo njia panda. Kimeng'enya A4GALT kikiongeza galaktosi nyingine unapata Gb3. Kimeng'enya ST3GAL5 kikiongeza asidi sialiki (sukari yenye asidi) unapata GM3. PPMP inafunga mlango kwenye hatua ya glukosi, yaani kabla ya njia panda, kwa hiyo inaondoa Gb3 na GM3 kwa pamoja. Kama moja inazuia kirusi na nyingine inakisaidia, utakachopima ni tofauti kati ya hizo mbili, na tofauti hiyo inategemea seli ilikuwa na kiasi gani cha kila moja tangu mwanzo.

Galaktosilseramidi, glikolipidi nyingine, haiguswi kabisa. Kimeng'enya UGT8 huiweka galaktosi moja kwa moja kwenye seramidi, bila kupitia glukosi. Asitokee mtu kusema "nimeondoa glikolipidi zote" kwa sababu ametumia PPMP.

Siku mbili nazo ni chache. PPMP inazuia kutengeneza tu, haifuti zilizokwisha kuwepo. Lazima seli zigawanyike ili zile za zamani zipungue, kwa hiyo hesabu siku nne hadi tano. Ukizidisha dozi ili kufidia muda, seramidi inarundikana na seli zinaanza kufa. Mwanga ukishuka hapo, usiseme kirusi kimezuiwa kabla hujahesabu seli zilizo hai.

Darubini:
Naongezea upande wa kirusi. Mlango mkuu unajulikana: gp120, protini ya nje ya kirusi, inashika CD4, kipokezi cha seli, inabadilika umbo, inashika kipokezi-mwenza CCR5 au CXCR4, kisha gp41, protini nyingine ya kirusi, inaunganisha tando mbili. Glikolipidi zinaathiri mlango huo kutoka pembeni. Kitanzi cha V3, sehemu ya gp120, kinaweza kushika vichwa vya sukari vya baadhi ya glikolipidi, na glikolipidi zenyewe, pamoja na kolesteroli, zinajenga viraka vya utando ambavyo vipokezi hukusanyika humo.

Kuhusu Gb3, ushahidi ninaoupa uzito mkubwa ni wa makundi ya damu, uliochapishwa mwaka 2009. Seli nyeupe za watu wa kundi la P1k, wenye Gb3 nyingi kupita kawaida, zilikuwa sugu kwa virusi vya R5 na vya X4 (vinavyotumia CXCR4). Seli za watu wa kundi la p, wasio na Gb3 kabisa, ziliambukizwa kwa urahisi zaidi mara 10 hadi 1000. Kiasi cha CD4 na vipokezi-wenza hakikueleza tofauti hiyo, Gb3 ilieleza. Seli za wagonjwa wa ugonjwa wa Fabry, ambao Gb3 inarundikana mwilini mwao kwa kukosa kimeng'enya cha kuivunja, nazo zilionyesha ukinzani.

Sasa kwa nini kazi ya mwaka 1998 ilisema Gb3 inasaidia muungano? Angalia jaribio lenyewe: Gb3 ilirudishwa kwenye seli zilizonyimwa glikolipidi, au zisizo za binadamu, na muungano wa bahasha ya kirusi cha X4 na seli ukapatikana. Swali lililoulizwa pale ni kama glikolipidi inahitajika, si kama ikizidi inadhuru. Hayo ni maswali mawili. GM3 ina hadithi ileile: mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba seli zenye vipokezi vyote vinavyotakiwa lakini GM3 imezidi zinakataa kuungana na kirusi. Kwa hiyo "inasaidia au inazuia?" bila kutaja kiasi ni swali lisilo na jibu.

Tena msisahau kwamba kirusi nacho kina GM3, kwa kuwa kinavaa utando wa seli kilikotoka. Siglec-1, kipokezi cha seli za dendriti (seli za kinga) zilizokomaa, hushika sehemu ya sukari ya GM3 hiyo bila kuhitaji gp120, na seli hizo huvipeleka virusi kwa seli T. Ukiweka PPMP kwenye seli zinazozalisha kirusi, unajaribu jambo tofauti kabisa na ukiiweka kwenye seli lengwa.

Pipeti:
Hapo kwenye seli lengwa na seli zalishi pamefunguka sana, asante. Je, NB-DNJ, dawa nyingine ya kuzuia utengenezaji wa glikolipidi, inafaa badala ya PPMP, kwa kuwa haina sumu kali?

Benchi_la_Tatu:
Inafaa kwa seli lengwa, kwa masharti. Kwa makumi ya mikromola inazuia utengenezaji wa glukosilseramidi. Ukiipandisha kukaribia milimola 1, inazuia pia glukosidasi (vimeng'enya vya kurekebisha sukari za protini) za retikulamu ya endoplazimu, sukari za gp120 zinaharibika, na kirusi kinachotoka hapo ni dhaifu. Hilo halihusiani na glikolipidi. Zioshe seli mara tatu kabla ya kuweka kirusi, na usiiache dawa kwenye kiowevu wakati virusi vipya vinazalishwa.

Kontroli ambazo bila hizo mimi silikubali jaribio: kirusi kilichovikwa VSV-G (protini ya kirusi kingine, badala ya gp120) kwenye seli zilezile (kikishuka nacho, tatizo si gp120); CD4 na CCR5 za juu ya utando kwa saitometa (mashine ya kupima seli kwa mwanga), kabla na baada ya dawa; na kurudisha Gb3 peke yake, kisha GM3 peke yake, uone ipi inabadilisha hali. Seramu ya ndama ina GM3 yake, na seli huichukua. Badilisha chupa ya seramu katikati ya majaribio na tayari umebadilisha jaribio.

Mkemia:
Na pima lipidi zenyewe, usidhani tu kwamba zimeondoka. Chukua seli milioni 10, kamua kwa klorofomu na methanoli 2:1, ongeza maji, tabaka zitengane. Gb3 inabaki tabaka la chini. GM3 inagawanyika, nyingine inapanda juu na maji, na wengi humwaga tabaka hilo kisha wakaandika "GM3 haikuonekana". Hifadhi yote mawili.

Kwenye bamba la silika la kutenganisha lipidi, klorofomu, methanoli na maji 65:25:4 zinatosha kwa Gb3. Nyunyiza orsino (kemikali inayotia sukari rangi) yenye asidi ya salfuriki, pasha joto nyuzi 110, mistari ya zambarau itatokea. Gb3 mara nyingi huja kama mistari miwili iliyokaribiana: wa juu una asidi ya mafuta ndefu, kama C24, wa chini fupi, kama C16. Si uchafu, usiukate mmoja. Kwa GM3 tumia resosino, inayochagua asidi sialiki.

Saitometa ikisema Gb3 ni kidogo na bamba likasema ni nyingi, liamini bamba kwa jumla ya seli. Kolesteroli inaweza kukifunika kichwa cha Gb3, kingamwili ya CD77 (jina jingine la Gb3) isikione. Kupaka kingamwili hiyo kufanyie kwenye barafu, na usitumie Triton (aina ya sabuni): inazibeba lipidi zilezile unazozitafuta.