Adapta ya USB inaona Wi-Fi za majirani, ya nyumbani haionekani

Wakuu, kompyuta ya mezani ina Windows 10. Adapta inaonyesha mitandao ya majirani, wa nyumbani haumo kabisa. Simu inaunganika vizuri. Draiva (programu inayoendesha adapta) nimeweka upya, bado. Nianzie wapi?

Jibu 1
Draiva iache, ingekuwa mbovu usingeona hata ya jirani. Fungua Command Prompt, andika `netsh wlan show drivers`, soma mstari wa Radio types supported. Ukikuta 802.11b, g na n tu (matoleo ya Wi-Fi), bila a wala ac, basi adapta haishiki masafa ya 5 GHz, na huenda ruta yako inarusha hayo tu. Ingia kwenye ruta, washa masafa ya 2.4 GHz na uyape jina lake tofauti.

Jibu 2
Kagua chaneli pia (kipande cha masafa ya 2.4 GHz ambacho ruta inatumia), mkuu. Ruta ikijichagulia 12 au 13, adapta zilizopangwa kwa soko la Marekani huwa hazizioni. Weka 1, 6 au 11.

Jibu 3
Wi-Fi ikionekana halafu ikagoma na nywila ni sahihi, kwenye ruta badili aina ya usalama toka WPA3 iwe WPA2 (AES). Ikiunganika lakini IP inaanza na 169.254, ruta haijatoa anwani: kagua DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani hizo. Na adapta usiichomeke tundu la USB 3.0 lililo jirani na diski ya nje, kelele ya mawimbi ya USB 3.0 huvuruga 2.4 GHz. Isogeze kwa waya wa kurefusha.